Hata Mkubwa Ana Sheria

Mara nyingi tunaulizwa vijijini: rais wa Marekani akikosa, nani atamwambia?

Katiba yao, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, iligawa kazi mara tatu. Bunge latunga sheria, Rais anazitekeleza, Mahakama inazitafsiri.

Mwaka 1974 Rais Nixon alikataa kutoa kanda za mazungumzo ya ofisini mwake. Majaji wanane wa Mahakama ya Juu, watatu wao aliowateua yeye mwenyewe, wakaamua kwa kauli moja: toa! Akazitoa. Agosti 9 akaacha kiti. Hakuna risasi iliyolia.

Ndugu zetu, katiba ni karatasi. Meno yake ni wananchi wanaoijua. Tuisome basi ile yetu.