Masizi Usiyoyaona
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Njombe na Makambako)

Nyie wa Makambako, mmeshawahi kusimama pale barabara ya Mbeya inapoachana na ya Songea, malori yakinguruma? Ukirudi nyumbani ukapenga kamasi, nyeusi tii! Na nyie wa Njombe, Julai baridi ikibana mnajibanza jikoni kwenye kuni, macho yanatoka machozi. Usicheke, na mimi nimekulia humo humo.

Sasa sikia. Ule weusi wa kwenye kamasi umenaswa; pua imefanya kazi yake. Kinachonitisha ni kile ambacho hakikunaswa. Moshi wa dizeli na wa kuni una chembe za masizi ndogo mno, nyingine hazifiki nanomita 100. Milimita moja ina nanomita milioni moja, piga hesabu mwenyewe! Chembe hizo zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mwisho kabisa, ambako ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko karatasi.

Utaniuliza, "Dada, watu wamejuaje zinafanya nini huko ndani?" Njia mojawapo ni kuotesha seli za mapafu maabara. Zinazotumika sana zinaitwa A549. Zilitoka mwaka 1972 kwenye uvimbe wa saratani ya mapafu ya mwanamume wa miaka 58 huko Marekani, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika. Zamani chembe zilimwagwa tu kwenye majimaji yaliyofunika seli. Lakini nani anavuta supu? Siku hizi seli hupandwa juu ya utando wenye vitundu: chini majimaji ya chakula, juu hewa, kama kifuani mwako. Kisha hupuliziwa masizi, au chembe ndogo zinazotengenezwa viwandani na kutiwa kwenye rangi. Halafu wanaangalia: Seli zimekufa? Ukuta umeanza kuvuja? Zinatoa kemikali za kuashiria kuumia?

Hata hivyo seli za saratani si mapafu yako. Hazikohoi, wala hazijakaa jikoni miaka 15. Ndiyo maana wengine huzichanganya na seli walinzi, zile zinazomeza uchafu, na bado majibu lazima yalinganishwe na watu wenyewe. Kwa dizeli watu walichunguzwa, wakiwemo wachimba migodi, na mwaka 2012 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kikatamka kwamba moshi wake unasababisha saratani.

"Nikijifunga khanga puani je?" Vumbi la barabarani litapungua, lakini chembe nyingi za nano zitapita. Afadhali upikie nje au ufungue dirisha, kuni ziwe kavu, na mdogo wako usimbebe mgongoni ukichochea moto. Wewe unayeuza mahindi stendi, kaa mbali na bomba la lori. Wavulana, msidhani mada hii ni ya dada zenu tu. Kupasua kuni zikakauka mapema ni kazi yenu pia!

Na kikohozi kikifika wiki mbili, usijiambie "ni moshi tu". Nenda zahanati ukapimwe makohozi.