Nusu saluni, nusu lori: uzuri na udhaifu wa pikapu nyepesi

Kusini mwa jiji la Stockholm, nchini Sweden, kuna mtaa uitwao Farsta. Kituo chake cha maduka kilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka 1960, wakati ambapo familia nyingi za Sweden zilikuwa zikijipatia gari lao la kwanza, na kwa sababu hiyo kilizungushiwa viwanja vipana vya kuegesha. Mwaka huo huo treni ya chini ya ardhi ilifika mtaani hapo.

Chukueni mfano wa fundi bomba mwenye asili ya Afrika Mashariki anayeishi katika mtaa huo. Siku za kazi hubeba mabomba, masinki na mifuko ya saruji. Jumapili hubeba mke na watoto. Akiba yake inatosha gari moja tu, na moyoni ana nia ya kulipeleka gari hilo nyumbani siku za usoni. Je, anunue pikapu iliyojengwa juu ya gari la saluni?

Swali hili si geni nchini Sweden. Mwaka 1953 kampuni ya Volvo ilitoa gari lililoitwa Duett, yaani wimbo wa watu wawili, kwa maana ya magari mawili ndani ya moja: la kazi na la mapumziko. Uso na injini yake vilitokana na jamii ya magari ya PV, ambayo wapenzi wa mashindano ya Safari wanayakumbuka vyema, kwani Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mwaka 1965 wakiwa na Volvo PV544. Lakini chini ya sakafu ya Duett palikuwa na siri. Wakati saluni ya PV ilikuwa na bodi inayojibeba yenyewe, Duett ilikaa juu ya fremu ya chuma, kama lori. Ilitengenezwa hadi mwaka 1969.

Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kuizingatia. Gari lenye fremu hubeba mzigo kwa uti wake wa mgongo, na bodi hukaa juu yake kama nguo. Gari lisilo na fremu hubeba mzigo kwa mwili mzima: sakafu, nguzo na paa hushirikiana. Kwa hiyo huwa jepesi, hula mafuta kidogo na hutulia kwenye kona. Sehemu yake ya mizigo pia huwa chini, hata mtu mmoja akaweza kupakia sinki bila kuinua mabega. Honda Ridgeline ya mwaka 2005, na baadaye Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz za mwaka 2021, zote hasa za soko la Amerika Kaskazini, zimefuata njia hiyo.

Hata hivyo, raha hiyo ina gharama yake. Springi laini zinazompendeza abiria huinama mzigo unapozidi. Mkia ukishuka, taa za mbele huwamulika madereva wengine machoni, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Iwapo gari linasukumwa na magurudumu ya mbele, mzigo ulio nyuma huyapunguzia uzito yale yanayofanya kazi, nayo huteleza kwenye mlima wenye utelezi. Aidha, barabara za Sweden humwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi huleta kutu. Katika gari lisilo na fremu, kutu ikila sakafu imekula pia mifupa.

Afrika Mashariki ililiona jibu la kati katika Peugeot 504. Pikapu yake ilitolewa mwaka 1979, na magari ya 504 yaliunganishwa pia nchini Kenya. Kwa mbele ilikuwa saluni: viti, usukani na uso ule ule. Kwa nyuma ilikuwa na ekseli nzima na springi za vyuma bapa, na iliweza kubeba zaidi ya tani moja. Wakulima waliijaza kabichi, na wenye matatu waliifunga bodi na mabenchi. Udhaifu wake ulikuwa dhahiri: isipokuwa na mzigo ilirukaruka, na kibandani hapakuwa na nafasi ya watoto.

Sweden ina mfano mwingine, nao ni wa hadhari. Tangu enzi za uhaba wa matrekta, watu walikata nyuma ya magari makuukuu na kuweka kibao kidogo cha mizigo. Duett zilipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ya ile fremu yake. Tangu mwaka 1975 gari la namna hiyo linatambuliwa kisheria kama trekta la daraja A. Mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa, na kijana wa miaka 15 mwenye leseni ya pikipiki ndogo anaruhusiwa kuliendesha. Kijijini ambako basi ni la nadra, humpa kijana uhuru wa kufika shuleni na kazini. Lakini wapo waliochezea vidhibiti mwendo, na wapo waliojazana ndani kuliko viti. Baada ya ajali kadhaa, kuanzia mwaka 2023 mikanda ya viti na matairi ya majira ya baridi vimekuwa lazima. Mjini Farsta, penye treni, faida ya chombo hicho ni ndogo na hatari inabaki.

Fundi wetu aamue nini basi? Kwanza apime mzigo wake wa kawaida, si ule wa mara moja kwa mwaka. Ukiwa chini ya nusu tani, pikapu ya kisaluni inamtosha, mradi iwe na viti vya nyuma vyenye mikanda. Ukizidi hapo kila wiki, atafute yenye fremu. Ipo pia njia ya tatu, iliyozoeleka sana Sweden: gari la familia lenye kulabu ya kuvuta tela, kwani vituo vingi vya mafuta hukodisha tela.

Ama nia ya kulipeleka nyumbani, aifikirie upya. Magari ya Sweden yana usukani kushoto. Kenya haisajili gari la namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, wala gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe. Gari analolinunua leo kwa ajili ya kesho ya Mombasa linaweza kukwama bandarini na kumeza akiba yote.

Wahenga walisema mshika mawili, moja humponyoka. Pikapu ya kisaluni hushika mawili bila kuponyokwa, ila kwa mtu ajuaye uzito wa kila moja.