Kiseyeye: Kamba Inapolegea Mwilini

Hebu itazame kamba ya katani uliyofungia mbuzi. Nyuzi zake zimesokotwa upande mmoja, kisha zikaunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili. Ndiyo sababu haifumuki, hata mbuzi akivuta siku nzima.

Mwili wa mtoto wako una kamba za namna hiyo. Huitwa kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, fizi, mifupa na mishipa ya damu. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Vipande hivi ni kama viatu: karibu vyote vyaweza kuwa vya kushoto au vya kulia, na mwili hujenga protini zake kwa vya kushoto. Kwa kuwa ni vya upande mmoja, mnyororo wao nao hujisokota upande mmoja. Ukichanganya vya kushoto na vya kulia, msokoto huharibika. Protini ya nywele hujisokota kuelekea kulia. Kolajeni ina mtindo wake: kila uzi hujisokota kushoto, halafu nyuzi tatu huzungukana kuelekea kulia. Fundi wa kamba hangefanya vizuri zaidi!

Lakini kamba hii huhitaji vitamini C ili ishikamane. Vitamini hiyo ikikosekana, nyuzi hulegea kwa joto la kawaida tu la mwili. Hapo ndipo kiseyeye huingia. Mtoto hulia akiguswa miguu, hataki kusimama, na kama ameota meno, fizi huvimba na kutoka damu. Jirani atakwambia ni meno tu. Usingoje, mpeleke kituo cha afya.

Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind wa Scotland, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopata nafuu upesi ni wale wawili waliopewa machungwa na malimau.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hupata vitamini hii katika maziwa yako, basi nawe ule matunda. Anayelelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na uji mtupu ndiye aliye hatarini. Akifikisha miezi 6, mpondee papai au embe. Mapera yale yanayoozea chini ya mti yanayashinda machungwa kwa vitamini C. Toa mbegu kwanza. Sukuma wiki nayo usiichemshe hadi ilegee, wala usimwage maji yake.