Kasisi Anaposhukiwa Upelelezi



Twaulizwa: kasisi wa jeshi, wakati wa vita, ni mtu wa nani?

Wakristo waliofungwa Tabora walipata kuonja uchungu wa swali hilo. Baada ya vita kuanza mwaka 1914, utawala wa Wajerumani uliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA, pamoja na mapadre na walimu Waafrika waliofanya kazi nao. Waafrika hao walituhumiwa upelelezi. Walipigwa, wakafanyishwa kazi za suluba, na baadhi yao walifariki kabla majeshi ya Wabelgiji hayajaingia Tabora Septemba 1916. Lililowatia mashakani ni kusali na kusoma pamoja na Waingereza. (Nao Waingereza, walipotawala, waliwafukuza wamisionari Wajerumani.)

Mwaka 2003 Marekani ilimkamata Kapteni James Yee, imamu wa jeshi aliyewahudumia wafungwa Waislamu wa Guantánamo. Alifungwa peke yake siku 76. Mwaka 2004 mashtaka yalifutwa. Twaona kwamba huruma yake kwa wafungwa ilidhaniwa kuwa usaliti.

Mkataba wa Geneva wa 1949 huwalinda makasisi wa jeshi. Wakitekwa, hawahesabiwi wafungwa wa vita. Hata hivyo, kasisi anayempelekea adui siri za jeshi aweza kushtakiwa kwa haki. Lakini siri ya maungamo haiguswi: Kanuni ya 983 haikuweka ruhusa ya wakati wa vita.

Basi halmashauri ya parokia ikiletewa tetesi juu ya katekista au padre, imwulize mleta habari: nani ameona nini, wapi, na lini? Kisha mtuhumiwa aitwe, naye asikilizwe.