Kabla Hujahama na Mbwa Kambi ya Karafuu



Karafuu zimeanza kuwiva. Najua hivi sasa majumbani mnakunjua majamvi kuyatazama yepi yametoboka, baba yuko mbioni kupatana bei ya kukodi shamba, na watoto kila wakirudi skuli wanauliza siku ya kuhama. Mtahama nyumba nzima: mama, watoto, bibi wa kuchambua makonyo, kuku wawili watatu, mbuzi wa maziwa, paka wa kufukuza panya, na mbwa. Mtalala vibanda vya makuti kule vilimani mpaka shamba liishe. Ni maisha mazuri, sina la kuyapinga. Lakini kila msimu, nasema kila msimu, naletewa jambo lile lile: mtoto kang'atwa na mbwa kambini, kidonda kimepakwa tumbaku, na mzazi ananiambia, "Mchubuko tu huu, na mbwa mwenyewe wa kwetu."

Wa kwetu! Kichaa cha mbwa hakimjui mwenyewe. Mbwa wenu mchana kutwa anazunguka na mbwa wa kambi za jirani, usiku anagombana na ngawa, nyinyi mmelala hoi kwa kazi. Mtajua vipi kakutana na nani?

Sisemi mbwa msiwe naye. Dini yetu imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na mwenye konde ya mpunga anajua tumbili wangemwachia nini bila ya mbwa. Ninachosema ni kuwa mbwa asiyechanjwa hana ruhusa ya kulala penye watoto. Paka vile vile. Watu hushangaa nikimtaja paka, lakini paka akiupata ugonjwa huu anauambukiza kwa meno na kwa makucha aliyoyalamba.

Wazee wangu, hebu tusemezane kweli. Mbwa akitia mdomo kwenye sufuria, hakuna nyumba Pemba isiyojua la kufanya. Mtaiosha mara saba, moja kwa udongo, na hakuna atakayeipikia kabla haijatakasika. Mate yale yale yakiingia kwenye nyama ya mguu wa mtoto, mnapaka tumbaku. Au mafuta ya taa. Au pilipili. Sufuria mnaiosha mara saba, mguu wa mtoto hamuuoshi hata mara moja! Mguu huo unataka sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, robo saa nzima kwa saa, si kwa kukisia. Kama hamna bomba, mmoja amimine kwa kata na mwengine aoshe. Mtoto atalia, mwacheni alie. Sabuni yoyote, hata ya kufulia ya mche. Sabuni inakiua kirusi pale pale kwenye kidonda kabla hakijashika njia.

Maana njia kinayo. Kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kutambaa taratibu kuelekea kwenye ubongo, wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili mitatu, pengine zaidi ya mwaka. Aliyeng'atwa usoni au kichwani, njia yake ni fupi. Na huu ndio mtego wenyewe: kidonda kinapona, mnasahau, karafuu zimeuzwa, mmerudi nyumbani. Halafu siku moja mtoto anaanza kuwashwa pale pale penye kovu, analeta homa, akipewa maji koo linambana, anayaogopa. Mnasema kapandwa na shetani, mnakimbilia kwa mganga. Wakati huo hata hospitali haina dawa, si Pemba, si Muhimbili, si London. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Atasimama mtu aniambie, "Lakini si tuliambiwa umekwisha Pemba?" Ndiyo, tuliumaliza mwaka 2014, kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima. Tukalegea. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa, na watu wakafa tena, mpaka chanjo ilipoanzishwa upya kila shehia, ndipo Oktoba 2018 ukakatika. Kisiwa chetu kina boti na majahazi kila upande, na mtoto mzuri wa mbwa hupakiwa ndani ya kikapu kama kuku. Kwa hiyo mkisikia mchanjaji yuko uwanjani, msikae barazani mkisema ugonjwa umekwisha. Ili ugonjwa usienee, panatakiwa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa.

Jambo jengine linaloniudhi ni marungu. Mbwa kamng'ata mtu, vijana wanamkimbilia, wanamuua, wanamtupa bondeni, halafu wanarudi kambini kama kazi imekwisha. Haijakwisha, mmejifungia mlango wa kujua. Kama anashikika bila ya hatari, mfungeni au mzungushieni uzio, mumpe chakula na maji, mumtazame siku 10. Ikiwa mate yake yalikuwa na ugonjwa siku alipong'ata, ndani ya siku hizo atabadilika au atafa. Akiwa mzima baada ya siku 10, daktari anaweza kuzisimamisha sindano. Lakini msingoje siku 10 ndipo mwende hospitali! Mtoto anakwenda siku ile ile, mbwa anatazamwa huku nyuma.

Kuna kijana mmoja alikanyaga mkia wa mbwa usiku akitoka kwenda haja, mbwa akamshika kisigino. Hakumwambia mtu, kwa sababu alikatazwa kutoka bila ya taa. Dada yake ndiye aliyeona, siku ya tatu, wakati wa kutia udhu, matundu mawili yamevimba. Alipelekwa, alichomwa sindano zote, yuko mzima. Wazazi, mtoto anayeogopa fimbo yenu atawaficha jino la mbwa. Mwambieni kabla ya kuhama: ukiparuliwa, ukilambwa penye kidonda, sema, hutapigwa.

Na sindano zimaliziwe. Mtu kachomwa ya kwanza, ya pili, akaona mwili mzuri na mikarafuu inamngoja, akaziacha zilizobaki. Kwa ajili ya pishi mbili za karafuu! Nauli ya kwenda hospitali Wete, Chake Chake au Mkoani iwekeni kando tangu siku ya kuhama. Anayetaka kombe anywe, simkatazi, baada ya sabuni na baada ya hospitali.

Mengine mnayajua: chandarua kwa kila kitanda, maji ya kunywa yachemshwe, mzee asipande mkarafuu uliolowa. Na wale wanaotoka kambini siku ya mapumziko kwenda msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi, mbwa abaki. Msitu ule una paa na kima punju, si wa kukimbizwa na mbwa wa mtu.

Kibanda kikijengwa, mbwa afungiwe mahala pake upande wa pili wa majamvi, mbali na njia ya choo. Watoto wasimshike akila wala akilea. Mabaki ya samaki yafukiwe, maana ndiyo yanayowaita mbwa wageni usiku.

Chanjo msiiache mpaka asubuhi ya kupakia gari la ng'ombe. Mbwa anayechanjwa mara ya kwanza anahitaji wiki 3 hadi 4 ndipo kinga isimame, kwa hiyo mwoneni bwana mifugo wa wilaya yenu wiki hii. Cheti kitieni kwenye mfuko wa nailoni, kikae pamoja na vitambulisho.

Naulizwa sana: je, mbwa aliyechanjwa akimng'ata mtu? Bado ni sabuni robo saa, bado ni hospitali siku hiyo hiyo, na kile cheti mkichukue mkamwoneshe daktari.