Maumivu Yasiyokwisha Yana Masomo Yake

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Oldonyo Sambu



Kamati iliniomba nizungumze juu ya utumishi wa serikali. Kwa ruhusa yenu nitazungumza juu ya mgongo wa mtumishi wa serikali, maana ndio unaobeba kazi zote hizo.

Huu ni mwaka wa tisa naishi na maumivu ya mgongo na magoti. Daktari alipoitazama picha ya eksirei hakuniuliza nimebeba mzigo gani. Aliuliza, "Umekulia wapi?" Nikamjibu: Oldonyo Sambu.

Maji ya Mlima Meru hupita katika miamba ya volkeno na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mwaka 1974 nchi yetu iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa penye uhaba mtu hunywa yaliyopo. Baadaye kiwango hicho kilishushwa. Magadi tunayotia katika maharage nayo yana floraidi. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia, ambayo wenzetu wa mikoa mingine hututambulia. Kwa waliokunywa miaka mingi, madini hayo huingia mifupani: mgongo hukakamaa, viungo huuma, na wengine hupinda kabisa. Hakuna dawa ya kuyaondoa yakishajijenga katika mfupa.

Sasa mtu asiyeweza kupona afanye nini? Mimi nilipelekwa darasani. Ndiyo, darasani, na shahada yangu ya chuo kikuu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali moja mjini alitukusanya watu kumi, saa mbili kila Jumatano, kwa majuma sita. Mafunzo ya namna hiyo si mageni duniani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford kilianza kuwafundisha wagonjwa wa baridi yabisi tangu miaka ya 1970, na hospitali ya St Thomas' ya London ilianzisha mafunzo yake ya maumivu mwaka 1988.

Nitawaeleza mambo matatu tuliyofundishwa.

La kwanza, maumivu yaliyopita miezi mitatu huitwa maumivu sugu, nayo yana tabia yake. Maumivu ya kidonda ni kengele ya hatari. Maumivu sugu ni kengele inayoendelea kulia hata pale ambapo hakuna jeraha jipya. Kwa hiyo kuumwa unapotembea si lazima iwe ishara kwamba unajiharibu, na kulala kitandani mwezi mzima hudhoofisha misuli na kuzidisha shida.

La pili, kazi igawanywe. Tulikuwa na mama mmoja muuza ndizi wa soko la Kilombero. Siku akijisikia vizuri alilima shamba zima, kisha akalala siku tatu. Alifundishwa kulima matuta mawili, kupumzika kabla maumivu hayajamwamuru, na kurudia hivyo siku njema na siku mbaya. Katika juma la sita alitueleza kwamba shamba limekwisha, na hakulala hata siku moja. Mimi nami ofisini husimama kila nusu saa, hata kama faili ni la Mkurugenzi.

La tatu ndilo gumu kwetu: kusema. Sisi wa huku tumelelewa kwamba morani hapepesi jicho mbele ya kisu. Naheshimu malezi hayo. Lakini kisu ni cha asubuhi moja, na kijiji kizima kimesimama kukushangilia. Maumivu ya miaka tisa hayana wa kuyashangilia. Ukinyamaza, mkeo hudhani umemkasirikia, na mkubwa wako kazini hudhani wewe ni mvivu. Darasani tulifanya zoezi la kusema kwa sentensi moja tu: leo naumwa, naweza hili, siwezi lile. Niliposema hivyo nyumbani, mwanangu mdogo alipumua akasema, "Kumbe si mimi."

Sitawadanganya, ndugu zangu. Hata asubuhi ya leo niliamka na maumivu. Lakini naenda kazini, nalala usingizi, na watoto wangu hawaniogopi.

Ninyi vijana, kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Kingeni maji ya mvua, maana yana floraidi kidogo sana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba makaa ya mifupa ya ng'ombe huweza kuyachuja maji. Wenzangu tuliosoma hapa, naomba tuchangie matangi ya kukingia maji ya mapaa ya shule hii kabla ya masika.

Na mnapomwona mzee wa huku anatembea ameinama, msimcheke wala msimwite mvivu. Msalimieni, mpokeeni ndoo, mkamwulize leo anaweza nini.