Ufunguo wa Trekta Uko Mkononi mwa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Mkulima anunuapo jembe dukani, akalipa bei na kupewa stakabadhi, hakuna asiyejua kwamba jembe lile ni lake. Mpini ukivunjika atachonga mwingine. Makali yakiisha atakwenda kwa mhunzi amtakaye. Akipenda ataliazimisha kwa jirani, au ataliuza, au ataliacha pembeni mpaka lipate kutu. Muuzaji hana neno tena juu ya jembe hilo, kwani haki yake ilikwisha alipopokea fedha. Hiyo ndiyo maana ya kumiliki kama wazee walivyoijua, na juu ya maana hiyo ushirika umejengwa.

Lakini siku hizi vitu vingi viuzwavyo vina kompyuta ndani yake: trekta, mizani ya kupimia mazao, simu, pampu ya maji, hata kitabu. Kompyuta hiyo huendeshwa na maagizo yaitwayo programu. Muuzaji husema kwamba chombo amekiuza, bali programu hakuiuza. Ametoa ruhusa tu itumike. Hapo ndipo linapozaliwa swali la mazungumzo haya. Mtu aliyelipa bei yote, lakini ufunguo umebaki kwa muuzaji, je, amenunua au amekodi?

Ndugu Wajumbe, swali hili limewasumbua sana wakulima wa Marekani, na yafaa kisa chao kielezwe kwa utaratibu. Kampuni ya John Deere ilianzia mikononi mwa mhunzi wa jina hilo, aliyetengeneza jembe la chuma cha pua la kukokotwa katika jimbo la Illinois mwaka 1837. Leo matrekta na mashine zake za kuvunia zina vidude vingi vya kupima joto, mafuta, moshi na mwendo, vyote vikipeleka habari kwenye kompyuta ya mashine. Hitilafu ikitokea, namba huonekana kwenye kioo, na pengine mashine hupunguza nguvu au hukataa kwenda. Ili kuijua hitilafu hiyo kwa ukamilifu, na ili baadhi ya vipuri vipya vikubaliwe na mashine, huhitajika programu maalumu ya ufundi. Kwa miaka mingi programu hiyo, kwa ukamilifu wake, walipewa mawakala wa kampuni peke yao.

Basi fikirieni hali ya mkulima katika majuma ya mavuno. Mahindi yamekauka, mawingu yamekusanyika, mashine imesimama katikati ya shamba. Mkulima ana bisibisi na spana, ana kipuri mkononi, na maarifa aliyorithi kwa baba yake anayo. Hata hivyo hana budi kumngoja fundi wa wakala aje na kompyuta yake, kwa siku na kwa malipo atakayopanga wakala. Mwaka 1837 mhunzi alimwuzia mkulima jembe likawa la mkulima. Warithi wa mhunzi huyo wamemwuzia mkulima trekta, na ufunguo wamebaki nao.

Jambo hili limepataje nguvu ya sheria? Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, kwa hofu kwamba filamu, muziki na vitabu vingenakiliwa ovyo kwa kompyuta. Sheria hiyo ilifanya kuwa kosa kuvunja kufuli la kielektroniki lilindalo kazi yenye hakimiliki. Programu nayo ni kazi yenye hakimiliki. Hivyo kufuli la trekta likapata kivuli chini ya mti uliopandwa kwa ajili ya wanamuziki na watengeneza filamu. Mwaka 2015 kampuni iliiandikia Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwamba mnunuzi wa mashine hupata, kuhusu programu iliyomo, ruhusa isiyoandikwa ya kuiendesha mashine hiyo kwa muda wote wa uhai wake. Mkulima aliyedhani ana mali akaambiwa ana ruhusa.

Haki yasema pande zote zisikilizwe. Kampuni ilieleza kwamba mtu akiichezea programu aweza kuharibu usalama wa mashine, au kuongeza moshi kupita kipimo cha sheria. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini wakulima wengi hawakuwa wakidai siri za kampuni. Walidai zana na vitabu vya ufundi alivyo navyo wakala, ili mashine yao wenyewe iweze kutengenezwa na wao wenyewe au na fundi wa kijiji chao.

Ushindi wao umekuja hatua kwa hatua. Oktoba 2015 ilitolewa ruhusa kwa mwenye mashine ya kilimo kufungua kufuli hilo kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2018 ruhusa hiyo ilipanuliwa imfae pia fundi anayemsaidia. Hata hivyo ruhusa za namna hii huangaliwa upya kila baada ya miaka mitatu, na kuuza zana zenyewe za kufungulia kulibaki kumekatazwa. Januari 2023 kampuni ilitia sahihi maafikiano na chama kikubwa cha wakulima, American Farm Bureau Federation, ikiahidi kutoa zana na habari za ufundi. Katika maafikiano hayo hayo chama kiliahidi kuyashawishi matawi yake yasiunge mkono sheria za kudai haki hiyo. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2023, jimbo la Colorado likawa la kwanza kutunga sheria ya haki ya kutengeneza mashine za kilimo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishitaki kampuni mahakamani kwa kuhodhi matengenezo, nayo kampuni ikayakana madai hayo.

Ndugu Mwenyekiti, pengine mjumbe atauliza: muuzaji akibaki na ufunguo, kuna hatari gani zaidi ya gharama ya fundi? Hatari ni kwamba ufunguo uwezao kufungua waweza pia kufunga. Julai 2009 wasomaji nchini Marekani walionunua kwa kampuni ya Amazon nakala za kielektroniki za vitabu viwili vya George Orwell, yaani Nineteen Eighty-Four na Animal Farm, waliona vitabu hivyo vimetoweka katika vyombo vyao vya kusomea. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo, ikavifuta kwa mbali na kurudisha fedha. Hakuna mwenye duka la vitabu aingiaye nyumbani kwa mteja usiku akachukua kitabu rafuni na kuacha noti mezani. Lakini jambo lenyewe lilikuwa hilo hilo. Mwanafunzi mmoja wa jimbo la Michigan alikuta maelezo aliyoandika kwa ajili ya masomo yake yamebaki bila maana, kwa kuwa kitabu yaliyokihusu hakikuwapo tena. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Mwanafunzi huyo alifungua shauri, na mwisho wake una fundisho kubwa. Katika mapatano ya mwaka huo huo kampuni iliahidi kutofuta tena vitabu vya wateja wake nchini Marekani kwa namna ile, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mojawapo ya hali hizo ni pale itakapoamriwa na mahakama au na chombo cha serikali. Yaani mlango haukuzibwa. Uliwekewa bawabu tu. Na mlango alioujenga mfanyabiashara kwa ajili yake, mtawala naye akija atapita humo humo.

Yupo atakayesema kwamba mlango huo waweza kutumika kwa wema. Ni kweli. Mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, mashine za kilimo zilizochukuliwa na askari wa Urusi kwa wakala mmoja wa mji wa Melitopol zilisafirishwa hadi Chechnya, na zilipofika huko zikakutwa zimefungwa kwa mbali. Wengi waliosikia habari hiyo walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Lakini mwenye busara hujiuliza: mkono uliozifunga mashine mikononi mwa mwizi, ni kitu gani kitakachouzuia kuzifunga mikononi mwa mwenyewe, siku atakapogombana na kampuni au na wakubwa wa nchi?

Tena kisichozimwa kwa mbali chaweza kuchunguzwa kwa mbali. Katika shauri la Carpenter, lililoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani tarehe 22 Juni 2018, ilidhihirika kwamba wapelelezi walikuwa wamechukua kwa kampuni za simu kumbukumbu za siku 127 za mtuhumiwa wa wizi wa kutumia silaha, zenye alama 12,898 za mahali simu yake ilipokuwa. Hawakuwa na hati ya upekuzi. Walitumia amri nyepesi zaidi. Serikali ilidai kwamba kumbukumbu hizo ni mali ya kampuni, si za mtuhumiwa. Mahakama ilikataa, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema kwamba kwa kawaida hati ya upekuzi ni lazima. Kura moja tu ingegeuka, daftari la nyendo za kila mwenye simu lingekuwa wazi kwa wapelelezi, kwa sababu tu kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Ndugu Wajumbe, mambo haya ya mbali yanagusa ushirika kwa karibu. Wanaushirika wa Tanzania wanajua kwamba mali yaweza kuwa ya wanachama kwa maandishi, huku uamuzi ukiwa mahali pengine. Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Wanachama hawakuombwa kupiga kura. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ndipo vyama hivyo vikarudishwa. Aliyejifunza hayo hawezi kudharau swali la nani ameshika ufunguo.

Leo chama cha msingi hununua mizani ya kielektroniki, na huingiza majina ya wanachama, namba zao za simu, ukubwa wa mashamba na malipo yao katika programu ya mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa daftari lipo, lakini laweza kuwa katika nyumba ambayo katibu wa chama hana ufunguo wake.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba wa chombo au programu yoyote kutiwa sahihi, yafaa kamati ipate majibu ya maandishi kwa maswali manne.

Kwanza, chombo kikiharibika ni nani aruhusiwaye kukitengeneza, na je, zana, vipuri na vitabu vya ufundi vitapatikana kwa fundi mwingine?

Pili, je, muuzaji aweza kukizima kwa mbali? Kama aweza, ni kwa sababu zipi, na baada ya taarifa ya siku ngapi?

Tatu, siku mkataba utakapokwisha, je, chama kitaweza kuchukua daftari lake lote, katika hali inayosomeka, bila kulipia upya?

Nne, ni nani mwingine atakayezisoma habari za wanachama, na akija mtu kwa jina la serikali, ataonyeshwa kwa hati gani?

Swali hilo la nne linakihusu chama chenyewe pia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi zinampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zimekusanywa kwa kusudi gani, na haki ya kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Chama kinachomlaumu mfanyabiashara kwa kuficha ufunguo, huku kikimnyima mwanachama kuuona ukurasa wake mwenyewe, kitakuwa kimejihukumu.

Hakuna sababu ya kuviogopa vyombo vipya. Mizani nzuri humwondolea mkulima dhuluma, na hesabu za kompyuta zaweza kumfichua mwizi upesi kuliko daftari la mkono. Lakini wakulima wa Colorado hawakupata sheria yao kwa kulalamika kila mmoja kando ya mashine yake iliyosimama. Waliipata walipokwenda pamoja mbele ya wabunge wao. Mwanachama mmoja hawezi kubishana na kampuni juu ya kifungu cha mkataba. Vyama vyote vya chama kikuu, vikiuliza maswali hayo manne kwa sauti moja kabla ya kulipa, vitasikilizwa, kwa kuwa fedha bado ziko upande wao.

Inashauriwa majibu yatakayopatikana yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na yasomwe katika mkutano mkuu wa wanachama, kwa kuwa wao ndio wenye mali.